Lebo Isiyotaka Kubadilika

Hospitali nzima walimwita Mama Lebo, kwa kuwa ndiye aliyetunga programu ya kuchapa lebo za dawa. Alipata kiharusi, akalazwa, akapona. Mkono ukarudi, ulimi ukarudi, naye akarudi kazini. Lakini hakuwa na hakika kama kichwa nacho kimerudi.

Mfamasia mkuu alimpa kazi nyepesi ya kuanzia. "Dada, wagonjwa wazee hawazisomi hizi herufi. Zikuze kidogo."

Akafungua faili lake, akaongeza ukubwa, akahifadhi. Kwenye skrini nyeusi ya amri akaandika jina la faili, "lebo", akabonyeza. Printa ikatema kipande cha karatasi: herufi zilezile, ndogo kama sisimizi.

Akarudia, akifuata mstari kwa mstari kwa kidole. Badiliko lilikuwapo, ila lebo haikubadilika. Mwisho, kwa hasira, akaandika KUKU ndani ya faili, juu ya jina la hospitali. Lebo ikatoka bila kuku. Akaipiga skrini picha kwa simu, akatia ile lebo mkobani, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alikuwa na mdogo wake, aliyehamia hapo kumuuguza.

"Dada, mbona huli?"

"Soma hii. Pana neno kuku?"

Mdogo mtu akaigeuza lebo huku na huku. "Kuku wa nini tena? Hakuna."

"Na kwenye hii picha?"

"Hapa yupo, tena kwa herufi kubwa. Kwani vipi?"

Mama Lebo akashusha pumzi. Basi macho yake hayakumdanganya. Alichoandika kipo, na kilichochapwa si hicho. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa inasoma kitu kingine. Akavuta sahani.

Asubuhi kazini hakuandika "lebo" tu. Aliandika jina zima pamoja na mkia wake unaotaja aina ya faili, lebo.bat. Printa ikanguruma, na kuku akatoka, mnene, juu ya herufi kubwa. Alipoitazama folda vizuri akaona jirani wa faili lake, jina lilelile kwa mkia mwingine: lebo.exe. Mtu akiandika jina tupu, kompyuta hujitafutia mkia yenyewe, kwa zamu iliyopangwa, na zamu ya exe hutangulia ya bat. Kumbe muda wote huo alikuwa akirekebisha faili lisiloitwa.

Akampigia simu fundi aliyeshika nafasi yake alipokuwa mgonjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii lebo.exe ni yako?"

"Ni yangu. Nilitaka ichape haraka. Lo! Sikukwambia?"

"Hukuniambia."

"Nisamehe, mama."

Alikuwa amejiandaa kumfokea. Badala yake akamwambia, "Haya," akakata simu. Akabadilisha jina la faili la fundi lisije likaitwa tena, akamfuta kuku, akachapa. Mfamasia alizipokea lebo mpya akasema, "Hizi ndizo," akaendelea na foleni yake.

Ugonjwa haukumwacha Mama Lebo salama moja kwa moja. Mpaka leo maneno mengine humponyoka. Siku moja aliomba ufunguo akitaka kijiko. Mdogo wake alimpa kijiko, wakacheka wote wawili. Mwisho wa wiki hiyo mdogo mtu, alipoona dada hahitaji tena kuuguzwa, akafungasha nguo zake, akarudi kwa mumewe.