Muuaji Asiyejua Kusalimia

Kwa wiki sita nyumbani kwangu Buswelu kulikaa muuaji, na sijawahi kuchoshwa na mgeni kama yule. Chakula hagusi, kitanda hahitaji, ufagio hashiki, lakini anazungumzwa tangu chai ya asubuhi mpaka vyombo vya jioni vikioshwa. Ni muuaji wa karatasi. Amemtunga mjukuu wangu Wilhelmina. Habari ninazoandika hapa ni za Wilhelmina, siyo za muuaji wake, ila kuwatenganisha kumenishinda.

Naandika polepole. Herufi nilizijua ukubwani, kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima, na mwalimu alisema mkono wangu ni mzito. Ni mzito kweli, lakini ninachoandika kinasomeka.

Wilhelmina ana miaka thelathini na miwili. Ni mtoto wa marehemu binti yangu Sabina, nimemlea tangu akiwa na miaka minne. Anafanya kazi kwenye duka la steshenari karibu na ofisi za manispaa. Anatoa fotokopi, anachapa barua za watu, anapitisha vyeti kwenye mashine ya plastiki. Ni mtu wa mpango. Ukiweka chumvi mahali pa sukari anairudisha bila kusema neno, na hilo la kutosema neno ndilo linaloniudhi. Kanisani anakaa benchi la mwisho. Harusini anaondoka kabla ya keki. Nilishamwambia, "Mke mwenzangu, utazeeka kabla yangu." Akacheka kidogo, akaenda kupiga pasi.

Kinachomfungua mdomo ni kitu kimoja tu: mchezo wa Jumamosi. Saa nane mchana wanakuja watu watatu. Mashimba ni fundi simu. Agutu ni mama wa Kijaluo kutoka Rorya, anafua mashuka hospitalini. Yakobo anafundisha shule ya msingi. Wanakaa kuzunguka meza yangu, na Wilhelmina anawasimulia nchi ambayo haipo. Kila mmoja ana mtu wake kwenye karatasi, na mtu huyo ana kazi yake. Wa Agutu ni mganga, wa Yakobo ni mpiga upanga. Wakitaka kufanya jambo gumu wanarusha dadu yenye pande ishirini. Ikitoka namba kubwa umeweza, ikitoka ndogo umeanguka shimoni.

Nilipomsikia Wilhelmina mara ya kwanza nilikuwa jikoni, nikadhani tumeingiliwa na wageni. Alikuwa mfalme, mara akawa fisi, mara akawa mama mkwe wa mfalme anayegombana na fisi. Sauti ile sikuwa nimeisikia humu ndani tangu mama yake afe. Kwa hiyo miaka mitatu wamevunja viti vyangu viwili na kumaliza sukari yangu, mimi nimenyamaza.

Halafu Mashimba akachoka na mtu wake wa zamani, akataka awe muuaji wa siri. Kwenye vitabu vya mchezo wao Wilhelmina hakumwona wa kumridhisha, akaamua kumtunga mwenyewe. Wiki mbili aliandika. Ngazi ya kwanza anaweza hiki, ngazi ya tatu anaweza kile, sumu yake ni hii, kisu chake ni kile. Akampitisha hata kwenye mashine ya plastiki.

Huyo muuaji akaharibu kila kitu. Kulikuwa na jitu la mlimani lililotakiwa kuwatesa kwa Jumamosi tatu. Mashimba alirusha dadu mara moja, likafa kabla Yakobo hajachomoa upanga. Jumamosi iliyofuata akamuua malkia wa mashetani, Agutu akiwa bado anachagua dawa. Wilhelmina akapunguza sumu. Mashimba akaua. Akapunguza kisu. Mashimba akanung'unika, kisha akaua. Agutu akaanza kuja na uzi wake wa kufuma vitambaa. Namjua mwanamke anayefuma katikati ya mazungumzo. Ameshaondoka, bado miguu tu.

Jumatano ujumbe ukaingia. Wilhelmina alinisomea huku ameinamisha uso. Agutu ameandika: "Dada, Jumamosi nakuja mara ya mwisho. Kama ni kumtazama Mashimba akiua, bora nilale." Na Yakobo chini yake: "Hata mimi."

"Waache," nikasema. "Watu wapo wengi."

"Bibi, wakiondoka hao, mimi sina wengine."

Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayetaja bei ya fotokopi. Afadhali angelia.

Kesho yake tukawa uani tunachambua dagaa. Nikamwambia, "Nisomee huyo mtu wako."

"Utakasirika."

"Nimeshakasirika. Soma."

Akafuta mikono, akasoma. "Anavaa nguo nyeusi na kofia inayofunika uso."

"Na joto hili? Watu watamuuliza kama ana malaria."

"Anatembea juu ya mapaa bila kusikika."

"Mapaa ya bati au ya nyasi?"

"Bibi, ni nchi ya kubuni."

"Nimekuuliza bati au nyasi. Hapa paka akipita juu ya bati, jirani anaamka kukemea mashetani. Wewe unampitisha mtu mzima na visu vyake."

"Haya, ya nyasi."

"Nyasi atatumbukia. Mbwa je? Hiyo nchi ya kubuni haina mbwa?"

Akageuza karatasi.

"Akifika kijijini anamsalimia nani?"

"Hamsalimii mtu. Ni msiri."

"Basi huyo ameshakamatwa! Mtu anaingia kwenye mji wa watu, hasalimii, hasemi ni wa nani, ametoka wapi, ng'ombe hajambo? Watoto watamfuata kwa kelele mpaka kwa mtemi. Wilhelmina, una akili, umesoma, na umetunga muuaji asiyejua kusalimia!"

Akaniangalia. "Sasa wewe umejuaje wauaji wanavyofanya?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nalo wiki zote sita.

Nilimjua mmoja wa kweli. Tulikuwa tunakaa upande wa Magu, mama yako akiwa bado mgongoni, nikamwambia. Shangazi yangu Ng'washi alikuwa na macho mekundu. Moshi, siyo kitu kingine, maana kila msiba na kila harusi yeye ndiye aliyekaa jikoni. Watu wakaanza kusema maneno ya uchawi. Siku moja mchana akaja kijana wa shati jeupe. Alipiga hodi. Alisalimia kwa Kisukuma, mwadila, kwa kuinama, akajitaja ukoo, akauliza ng'ombe, akauliza mtama, akauliza mguu wa shangazi uliokuwa unamsumbua. Akapewa kiti. Akapewa karanga. Akakaa mpaka jua likalegea, na mbwa wakalala miguuni pake. Siku ya tatu aliporudi, mbwa hawakubweka.

"Maji ya kunywa nilimpa mimi," nikasema. "Kwa mikono miwili."

Wilhelmina akaweka ungo chini. "Aliyemtuma alijulikana?"

"Kisimani tulichota maji na watu walewale. Mmoja wao alijua. Hakusema mpaka leo."

"Bibi. Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza. Shika ungo, dagaa hawajichambui."

Lakini alikuwa ameshakwenda kuchukua kalamu.

Jumamosi wakaja. Agutu na uzi wake. Yakobo alikaa pembeni ya kiti kama mtu anayesubiri bodaboda. Mashimba akapewa karatasi mpya, akaisoma, uso ukabadilika.

"Wilhelmina, hii ni nini? 'Muuaji hawezi kumpiga mtu ambaye hajaketi naye.' Salamu tatu? Ya nyumba, ya mifugo, ya watoto? Na dadu kila salamu? Huyu siyo muuaji, huyu ni mjumbe wa nyumba kumi!"

"Ukikosea salamu mbwa wanabweka," Wilhelmina akasema. "Na kabla ya kuanza unaniandikia jina la aliyekutuma. Bila aliyekutuma huna kazi."

"Na sisi?" Agutu akauliza.

"Yeye akiwa anasalimia, nyinyi mna zamu zenu. Muda wote."

Uzi ukaingia kwenye mkoba. Nililiona hilo nikiwa mlangoni. Sikuwa na mpango wa kukaa nao. Lakini Mashimba akaandika jina, akampa Wilhelmina karatasi, akaanza: "Nafika kwa mtemi, nasema habari za hapa."

"Habari za hapa?" nikasema. "Unaongea na konda?"

"Shikamoo bibi, lakini wewe huchezi."

"Marahaba. Sichezi, nasikia aibu. Toka nje uingie upya."

Wilhelmina akanivutia kiti. "Bibi ni mama wa mtemi. Yuko langoni."

Sijui nilikaaje. Nilikaa tu. Mashimba akapiga hodi kwenye meza, nikamkaribisha, nikamuuliza yeye ni wa nani. Akababaika, akatunga ukoo. Nikamuuliza huo ukoo uko upande gani wa ziwa. Akarusha dadu, ikatoka kumi na nne. Akapita. Kwa upande wao, mganga wa Agutu alikuwa ananusa sumu ya muuaji kwenye mfuko kama bado ni kali, na Yakobo amejificha zizini anahesabu walinzi. Wote wanaongea kwa mpigo. Salamu ya mifugo Mashimba alipata tatu, mbwa wakabweka, akajiokoa kwa kumwambia mtemi ndama wake ana kupe sikioni. Wilhelmina, yaani mtemi, akafurahi, akampa kiti chake mwenyewe. Salamu ya watoto ikachukua nusu saa, maana mtemi ana watoto kumi na mmoja na Wilhelmina alikuwa na majina yao wote.

Mwisho mambo yakatimia. Salamu tatu zimepita. Mtemi amegeuka kumimina pombe, kisogo wazi.

"Rusha," Yakobo akanong'ona.

Mashimba akaishika dadu. Akaigeuza. Jasho likamtoka, mtu mzima mwenye ndevu.

"Amenipa kiti chake," akasema.

"Rusha bwana!"

"Yule mdogo ana surua. Nimemuulizia mwenyewe."

Hapo nikapandwa na hasira. "Mume wangu, rusha! Wiki sita nimeishi na huyo mtu, nimevunjiwa viti, leo unaona huruma?"

Akaiweka dadu mezani, taratibu, kama yai. "Wilhelmina," akasema, "naweza kumwambia mtemi aliyenituma?"

Wilhelmina hakumtazama Mashimba, alinitazama mimi. Nikasimama kwenda kuangalia chai jikoni. Chai haikuwa jikoni, ilikuwa mezani. Nilikaa huko kidogo, nikapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Niliporudi Agutu alikuwa amesimama, amemwelekezea Mashimba kidole. "Sema! Ni nani?"

"Unaweza kumwambia," Wilhelmina alikuwa anamjibu Mashimba. Akakunja karatasi yenye lile jina, akaitia mfukoni. "Mtalisikia mtemi akilisikia. Sasa ni saa kumi na mbili, watu waende makwao."

"Saa kumi na mbili ni nini? Mimi nilale vipi?" Agutu akapiga meza. "Yakobo, Jumamosi njoo saa saba, usitucheleweshe na madaftari yako!"

Wakatoka wanabishana mpaka barabarani. Agutu alisahau mkoba wa uzi kwenye kiti. Wilhelmina akauona, akauacha hapohapo, akaanza kukusanya vikombe huku anaimba chinichini.

Nikamwambia, "Mke mwenzangu. Nani alimtuma?"

"Subiri kama wengine, Bibi."

Mimi! Mimi niliyemfundisha muuaji wake kusalimia!