Foleni Iliyofagiliwa

Tangu astaafu jeshi, Koplo Mwinjuma Mshamu hajawahi kumaliza miezi mitatu katika kazi moja. Nyumba ya wageni ya Ikwiriri aliiacha kwa sababu meneja alimkaripia mbele ya wapishi. Mashine ya kukoboa mpunga aliiacha kwa neno dogo kuliko hilo. Miguu ilimwasha: akikaa anataka kusimama, akisimama anataka kwenda. Mkewe, Hajira, hakumgombeza. Alisema tu kwamba kazi hii mpya ya kulinda ghala la wakulima ikimshinda, yeye anarudi kwao Utete. Akaendelea kupepeta mchele.

Siku ya kugawa salfa ya kupulizia mikorosho, Mwinjuma alifika ghalani alfajiri, akaukuta uwanja umejaa takataka: mawe, kandambili za mguu mmoja, kipande cha mtungi, kofia iliyochanika. Miaka ishirini na moja ya kambini ikampanda mwilini. Akashika fagio. Katibu wa chama cha wakulima, Badru, alipofika, uwanja ulikuwa unang'aa, na rundo lote linafuka moshi shimoni.

Wakulima wakaja, kila mmoja akitafuta alama yake. Foleni walikuwa wameipanga tangu jana alasiri, kila mtu akiacha kitu chake kimshikie nafasi, kisha wakaenda kulala. Mwinjuma alizaliwa hapa hapa, ila aliondoka kijana, na foleni alizozizoea huko jeshini zilikuwa za watu waliosimama. Na tayari ilijulikana kwamba mifuko ya salfa haitatosha wote.

Abubakary, mwenye mikorosho mingi kuliko wenzake, akajibandika mlangoni akidai yeye ndiye wa kwanza. Mwingine akamuuliza afande kama vitani nako adui ni kandambili. Wakacheka, kicheko kisicho na raha. Mwinjuma akaona vidole vyake vinafungua vifungo vya koti la ulinzi. Baiskeli yake ilikuwa ukutani, hatua kumi tu.

Bi Biasha, mwenye kipande cha mtungi, akamzibia njia. Hakupandisha sauti.

"Umenifagia, baba. Sasa nirudishe."

Mwinjuma akasimama. Kisha akamuuliza mbele yake palikuwa na nini.

"Ndala ya Hafsa. Ya bluu, imeshonwa kwa waya."

Akamwendea Hafsa, akamuuliza vilevile. Hafsa akamtaja wa mbele yake, huyo naye wake. Hakuna aliyeijua foleni nzima, lakini kila mtu aliijua alama iliyotangulia yake. Alikwenda hivyo mtu kwa mtu, akitokwa na jasho, akitukanwa, akirudia pale walipobishana. Abubakary akaangukia nafasi ya thelathini na moja.

Adhuhuri mifuko ikaisha, wamebaki watu saba. Badru akamtaka Mwinjuma awaambie mwenyewe, akaongeza kwamba kuhusu kazi yake kamati ingekaa kesho yake. Akawaambia: lori jingine ni Alhamisi. Wale saba wakaokota mawe, wakayapanga mlangoni, wakaenda zao bila kumuaga.

Mwinjuma akabaki nayo. Kuku akisogea, anamfukuza. Akayazunguka, akasimama, akayazunguka tena. Badru alipomwambia aende nyumbani akale, alisema Hajira atamletea.