Mapigo Manne Mwisho wa Mstari

Mwaka wangu wa mwisho chuoni niliandika kwamba mama yangu hajui kwenda na ngoma. Sikuyatumia maneno hayo hasa, maana chuoni tulifundishwa kusema mambo kwa adabu. Niliandika kwamba mchezaji wa mwisho upande wa kulia hupoteza mapigo manne katika kila mzunguko, pengine kwa sababu ya umri. Mama alikuwa na miaka hamsini na miwili, na mpaka leo ananishinda kulima, kubeba maji na kucheza. Lakini ripoti ilitakiwa Ijumaa, na mimi nilikuwa natafuta maksi.

Nilikuwa nasomea sanaa za maonyesho Dar es Salaam, upande wa dansi. Kijijini kwetu, barabara ya kutoka Bariadi kwenda Zagayu, jambo hilo lilikuwa kichekesho kisichoisha. Likizo ikifika, kabla sijashusha begi kwenye pikipiki, jirani yetu mpigangoma ananipokea kwa salamu ya Kisukuma: "Mwadila mayu! Wamekufundisha kucheza au bado?" Kisha anasema ningebaki nyumbani wangenifundisha bure, na ugali juu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Siku moja nikamweleza kwa kirefu kwamba tunasoma historia ya dansi, mbinu za kutumia mwili, na namna ya kubuni ngoma ya jukwaani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na jembe mnashika lini?"

Basi tulipoambiwa kila mmoja achague ngoma ya kwao, airekodi, aiandikie ripoti, halafu atunge kazi mpya kutokana nayo, nilichagua bugobogobo, ngoma ya majembe. Sikutaka ile ya vikundi vyenye sare vinavyocheza mbele ya wageni wa serikali. Nilitaka ya shambani, ya kina mama wanaolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na ngoma inatangulia mbele yao ili mgongo usahau kuuma.

Nilikwenda Februari, wakati wa palizi, pamba ikiwa imefika magotini. Wanawake tisa walijipanga mstari mmoja, jirani yetu akiwapigia ngoma. Jembe linashuka mara saba, mara ya nane linarushwa juu, linazungushwa, na kila mmoja anageuka kumwelekea mwenzake, wanapishana, wanaendelea. Nilisimama kwenye kichuguu na simu yangu, nikiwa najiona mtafiti kwelikweli.

Mama alikuwa wa mwisho kulia. Wenzake walipogeuka wawili wawili, yeye aligeukia upande ambao hakukuwa na mtu. Akarudi nyuma nusu hatua, jembe likiwa juu, akasimama. Moja, mbili, tatu, nne. Ngoma nayo ikalegea kidogo. Kisha akapita, akainama, akaendelea kulima na wenzake. Mzunguko uliofuata, hivyohivyo. Jioni nilimuuliza kwa nini anasimama pale, akasema, "Ndivyo tunavyocheza." Nikaridhika. Mtafiti wa kweli angeuliza tena.

Dar, mhadhiri wangu aliitazama ile video mara mbili. Alikuwa mwalimu mzuri na sina ugomvi naye. Alisimamisha picha mama akiwa na jembe juu, akasema, "Hapa pana shimo. Jukwaani shimo linaonekana hata na aliyekaa kiti cha nyuma kabisa." Niliona aibu. Niliona aibu kwa ajili ya mama yangu, na hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu zaidi kuliko mengine yote. Nikasema nitaliziba.

Nilichukua wachezaji tisa kutoka darasani, nikawapanga kama nilivyoona shambani. Kisha mwisho wa mstari, kulia kabisa, nikajiweka mimi mwenyewe kuwa wa kumi. Msichana aliyecheza nafasi ya mama alipogeuka, alinikuta. Tukapishana bila kusimama. Mstari ukanyooka, mhadhiri akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Lakini mimi sikutulia. Kila nilipoingia pale nilihisi kama nimekalia kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi, bado kina joto. Nilianza kuwahi. Kabla pigo la nane halijalia mguu wangu ulikuwa umekwisha kuondoka, kana kwamba kuna aliyenisukuma bega. Wenzangu walicheka, wakasema nina haraka ya kwetu Usukumani, ya kuwahi mnada wa ng'ombe. Nilicheka nao. Kwenye ngazi za bweni nilijikuta nahesabu, na nikifika nane nasimama kando, ukutani, nampisha mtu. Sikumwambia yeyote, maana ningemwambiaje mtu kitu kama hicho?

Siku ya maonyesho ukumbi ulishangilia. Nilipata A.

Mwezi wa saba nikarudi nyumbani. Pamba ilikuwa imejaa chumba cha mbele, na mama alikuwa amekaa chini akiichambua, pamba safi upande huu, fifi, ile chafu, upande ule. Nikakaa naye, nikasaidia kidogo, kisha nikamwambia nina kitu cha kumwonyesha. Nilikuwa na furaha. Nilidhani nimemletea zawadi.

Aliishika simu kwa mikono miwili. Alitabasamu alipoona majembe, akasema wale watoto wa Dar wanalima kama wanaua nyoka. Kisha tabasamu likaisha. Aliisogeza simu karibu na uso.

"Huyu wa mwisho ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Aliniambia nirudishe nyuma, nikarudisha. Akatazama tena, akarudisha mwenyewe mara ya tatu kwa kidole chenye vumbi la pamba.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa anaingia," akasema. "Anawahi. Siku zote alikuwa anawahi, bega linatangulia. Nani alikufundisha?"

Nilijua mama alikuwa na dada yake aliyefariki kabla sijazaliwa. Nina jina lake. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, nusu ya kijiji ina majina ya watu waliozikwa, na sikuwahi kulifikiria zaidi ya hapo. Sikujua kwamba walikuwa wakilima pamoja. Mama akanieleza huku mikono imerudi kwenye pamba. Dada yake alikuwa ndiye wa mwisho kulia. Aliugua homa wakati wa palizi, wiki moja, akafa. Baada ya matanga mama alirudi shambani, na ngoma ilipofika pigo la nane akageuka kama alivyozoea, na akamwona.

"Ulimwona?"

"Nilimpisha. Mtu akija si unampisha?" Alisema hivyo kama anayeeleza bei ya chumvi. "Sikumwona kwa macho. Nilijua yupo, anapita. Mpigangoma akaona nimesimama, akapunguza mkono ili tumalize. Tangu siku ile anapunguza. Miaka yote hii, palizi ikifika, dada anakuja."

Niliikumbuka ripoti yangu. Kuhusu mpigangoma pia nilikuwa nimeandika, kwamba kasi yake haiko thabiti.

"Mama, nisamehe. Sikujua. Nitaibadilisha."

"Hujakosa kitu," akasema. Angenigombeza ningefurahi. Aliniangalia kwa muda, lakini siyo usoni, aliniangalia bega. "Amekufuata wewe. Una jina lake, una miguu mizuri, umempa mahali pa kucheza. Kwangu atarudi kufanya nini?"

Nilimwambia hayo ni mawazo tu. Nilimweleza mambo ya chuoni, kwamba mwili hurithi miondoko kwa kutazama, kwamba lazima niliwaona wakubwa wakicheza nikiwa mdogo. Niliongea sana, na kadiri nilivyoongea ndivyo nilivyozidi kuogopa. Dada yake alikufa miaka miwili kabla sijazaliwa, na namna yake ya kuwahi sikuiona kwa mtu yeyote. Mama aliendelea kuchambua. Baadaye akaniambia nikalete karai.

Nilimwandikia mhadhiri kumwomba nibadilishe ripoti. Alijibu kwa upole kwamba maksi zimeshapelekwa, na kwamba video inatumika kuwafundishia mwaka wa kwanza, wanaipenda. Kwa hiyo sasa wapo vijana wasioijua hata njia ya Bariadi wanaojifunza ngoma ya mama yangu bila kusimama, na wanaambiwa hiyo ndiyo ya asili.

Nilihitimu, nikakosa kazi, nikarudi nyumbani. Sikuomba nafasi popote kwa miezi kadhaa, nikisingizia mtandao. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasubiri palizi. Nilitaka kuona. Nilikuwa nimejiapiza sitaigusa ile nafasi tena, nitakaa mbali nayo, na labda aliyeondoka ataona pako wazi na kurudi. Nimesoma miaka mitatu, nina cheti, na hayo ndiyo niliyokuwa nawaza nikiosha vyombo.

Siku ya shamba letu ilipofika nilichukua jembe nikashika nafasi ya mwenzao mmoja aliyekuwa mgonjwa, kushoto kabisa, mbali na mama. Mpigangoma alinitania kwamba leo hatimaye digrii imeshika mpini. Tukaanza. Saba, nane, majembe juu. Nilikuwa natazama kulia tu, mpaka nikapishana vibaya na mwenzangu, akanisonya.

Mama aligeuka upande wake. Ngoma ikalegea, mzee yule akiwa amemwekea yale mapigo manne kama kawaida. Mama hakuyachukua. Alipita palepale, jembe likashuka, akawatangulia wenzake wote. Mpigangoma akababaika, akaharakisha mkono ili amfikie. Mzunguko wa pili, hivyohivyo. Wa tatu, akawa hapunguzi tena. Mstari ukanyooka, mzuri kuliko ule wa jukwaani, na wanawake wakapiga vigelegele, wakamwambia mama leo amekuwa msichana.

Mimi nikashindwa kuvumilia. Lilipolia pigo la nane niliacha nafasi yangu, nikapita nyuma ya mstari mpaka kulia, nikasimama kando ya mama jembe likiwa juu, nimerudi nyuma nusu hatua, namsubiri marehemu mimi badala ya mama. Moja, mbili, tatu. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujali nani anaona.

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa ameshafika mbele yangu kwa hatua mbili, udongo ukiruka pembeni ya miguu yake.

"Lima," akasema. "Mimi namwangalia tangu alfajiri kama atakuja. Hapo hakuna mtu."