Wanaume wa plot walivyonisaidia kuharibu gari niliyokuwa natengeneza

Wakuu, niaje.

Leo sina swali ya kuuliza, niko na story. Ni ukweli mtupu. Kuna majirani zangu humu ndani husoma bila kucomment, kwa hivyo nikiongeza chumvi mahali najua wataniumbua.

Kwanza mjue mimi ni mwanamke. Nashona uniform za shule kule Bondeni na naishi Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kwa plot ya nyumba sita za kupanga na parking moja. Gari yangu ni kadogo, ka silver, kazee. Service nafanya mwenyewe hapo nje ya mlango. Oil, plugs, air cleaner, hata brake pads.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "kwani mume wako ako wapi". Ako na mambo yake huko aliko, na sio story ya leo.

Hii kazi nilifunzwa na cherehani. Ukishona miaka mingi unajua kufungua mashine, kuona kitu imelegea, na kuirudisha vile ilikuwa. Gari ni hivyo hivyo, ni vile tu uchafu ni mwingi. Na mafundi wa mjini nilichoka nao. Unapeleka gari taa iwekwe, inarudi taa inawaka na jack yako haiko.

Sasa sikieni.

Mwezi uliopita mum alilazwa hapa Nakuru na pneumonia. Mum ni mtu wa Elburgon, mgumu, wa kuamka na ile baridi kukamua ng'ombe. Lakini hii ilimlaza chini kabisa. Kuna siku nilimuona na mirija ya oxygen kwa pua, nikatoka nikasimama kwa corridor nikalia mpaka nurse akaniletea kiti.

Mungu ni mkuu, akaanza kupata nafuu. Ijumaa daktari akasema anaweza enda nyumbani Jumatatu. Lakini alinikazia macho akasema, "Huyu mama asipigwe na baridi huko njiani. Akirudiwa na hii kitu sikuhakikishii."

Wale mnajua njia ya Elburgon hii miezi mnanielewa. Ukishapita Njoro tu, ukungu. Mvua. Unaendesha na taa mchana.

Na gari yangu heater ilikuwa imekufa. Ukiwasha inapuliza hewa ya fridge.

Nikasoma manual, nikaangalia video kadhaa. Sindano ya temperature ilikuwa inakataa kupanda, inalala tu pale chini hata nikitoka Lanet mpaka town. Hiyo ni thermostat. Kwa wale hawaijui, ni kadude ka chuma kenye spring, kanakaa kama kizibo. Engine ikiwa baridi kanafunga maji yasiende kwa radiator, ikipata joto kanafungua. Yangu ilikuwa imekwama ikiwa wazi. Engine haishiki joto, na heater inategemea joto ya engine. Hesabu ndio hiyo.

Nikanunua mpya mjini. Nikaitest kwa sufuria juu ya gas. Maji yalipochemka ikafunguka, yalipopoa ikajifunga. Nikasema hapa mum atasafiri kama malkia.

Jumamosi asubuhi, engine ikiwa baridi, nikainua bonnet. Nikaweka beseni chini ya radiator, nikamwaga coolant ya zamani, nikatoa hose, nikafungua nati mbili, nikatoa ile thermostat mbovu. Kilichobaki ilikuwa kuweka mpya, kufunga na kujaza coolant. Kazi kidogo tu.

Hapo ndio Baba Ivy wa nyumba namba mbili akatoka nje na mswaki mdomoni.

Wakuu, naomba nitoke nje ya story kidogo. Hivi ni nini huwapata wanaume wakiona bonnet iko juu? Mtu alikuwa anaenda dukani kununua maziwa ya mtoto, akiona bonnet anasimama. Anaweka mikono nyuma. Anaangalia ndani kama mtu anaangalia maiti. Halafu anasema, "Hii ni plugs." Hajaulizwa. Gari inaweza kuwa imetobolewa tyre, yeye ni plugs.

Haya, turudi.

Baba Ivy akatema dawa ya meno kwa maua yangu. "Mama Brian, imekufa?"

"Haijakufa. Nabadilisha thermostat."

Alicheka mpaka Mzee Kirui akasikia na akatoka kwake. Mzee Kirui ni mtu wa umri wa baba yangu, aliendesha malori miaka na miaka, na heshima yake iko. Nyuma yake akatokea Kamau, ndugu yangu wa kuzaliwa, amekuja eti tupange safari ya mum. Kamau hana gari. Kamau hana hata leseni. Lakini alisimama kwa bonnet, akaweka mikono nyuma, akaangalia ndani, akasema, "Hii ni plugs."

Kikao kikawa kimeanza.

Baba Ivy akasema thermostat ni ya nchi za barafu, hapa Kenya kitu ya kwanza ukinunua gari ni kuitoa. Mzee Kirui akasema hajawahi endesha lori iko na hiyo kitu na hakuna siku ilichemka kwa ule mlima wa Salgaa. Kamau akasema ndio, hata yeye amesikia hivyo.

Nikawaeleza pole pole. Shida sio kuchemka. Shida ni gari haishiki joto, heater haifanyi, na Jumatatu nabeba mgonjwa. Baba Ivy alinisikiliza vile mtu anasikiliza redio ya jirani. Nikimaliza akanyoosha mkono. "Lete spanner."

Halafu Mzee Kirui, kwa ile sauti yake ya upole, akasema, "Binti yangu, hebu tuwekee chai."

Na nilienda.

Msinitukane. Mzee wa umri wa baba yako akikuomba chai mbele ya mlango yako, unaenda. Ndivyo tulilelewa. Kamau akaniitia kwa dirisha niweke tangawizi.

Nilitoka na flask na mandazi nikakuta bonnet imefungwa. Baba Ivy anapangusa mikono na kipande ya khaki niliyokuwa nimekata ya kushona short za shule.

"Tumemaliza," akasema. "Tumekusaidia. Hii gari sasa haitawahi kuchemka."

Walikuwa wamefunga bila kuweka thermostat yoyote. Ile mbovu ilikuwa imekwama wazi, na sasa hawa wamenitengenezea uwazi wa kudumu. Coolant yangu mpya ilikuwa kando ya ukuta haijafunguliwa. Kwa radiator waliweka maji ya borehole. Maji ya borehole ya Lanet, wakuu. Ile imepaka watoto wetu meno rangi na kuacha magamba kwa kettle. Hiyo ndio walipatia engine yangu inywe.

Baba Ivy akawasha gari, akaniita nione sindano. Ilikuwa imelala pale pale ilikuwa inalala. Akaigonga na kidole, anafurahi. "Unaona? Baridi kabisa."

Nikamuuliza ile mpya iko wapi. Akapapasa mfuko ya jacket. "Hii niachie. Yule jamaa wa spare ananijua, Jumatatu nitamrudishia."

Nikawamiminia chai na hasira yangu yote. Wakanywa chai ikaisha. Mzee Kirui akaniombea baraka ya safari. Kamau alimaliza mandazi zote peke yake, na hakuna kitu alikuwa ameshika siku hiyo isipokuwa kikombe.

Jioni nikaenda nyumba namba mbili. Baba Ivy alikuwa ameenda kuangalia mpira. Nikamwambia Mama Ivy nimekuja kuchukua kitu yangu kwa jacket ya bwana yake, na nikamweleza ni nini na ya nini.

Akaingia, akatoka nayo, akaniwekea kwa mkono.

"Hata yetu aliitoa tukinunua gari," akasema. "Kwani unafikiri kwa nini mimi huenda kanisa na blanketi?"

Tulicheka hadi tukashikana. Nilikuwa nimeiona hiyo blanketi kila Jumapili, nikidhani ni ya mtoto.

Sasa, Jumapili asubuhi plot yetu hubaki kimya. Kamati yote iko kanisani. Baba Ivy ni usher, anaenda mapema na ile badge yake. Mimi sikuenda, na Mungu anajua nilikuwa na kazi gani.

Nikamwaga maji ya borehole. Nikapitisha maji safi ya chupa mpaka ikatoka clear. Nikaweka thermostat, ile pin ndogo ikiangalia juu vile manual inasema, nikaweka rubber yake mpya, nikakaza nati, nikajaza coolant. Nikawasha engine na kifuniko cha radiator kikiwa wazi ili hewa itoke. Mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha.

Nikaingia ndani nikaangalia sindano. Ikaanza kupanda. Pole pole, pole pole, ikafika katikati ikasimama hapo. Nikafungua heater na hewa ya moto ikanigonga uso.

Nililia, sitawaficha. Nilikuwa nimekaa kwa hiyo gari peke yangu na mikono imejaa grisi, nawaza tu vile mum atakaa nyuma na hatatetemeka.

Walipotoka kanisani bonnet ilikuwa chini na mimi nilikuwa napika githeri. Sikuambia mtu. Sikutaka kikao cha pili.

Jumatatu ilinyesha. Tulimtoa mum hospitali na sweta mbili, shawl na blanketi, tukamweka nyuma. Kamau akakaa mbele na mimi kama director. Mpaka Njoro mum alikuwa amejikunja ndani ya blanketi. Baadaye ukungu ikashuka, huoni mbele, na nje baridi ya kukata masikio. Nikaongeza heater.

Mum akatoa shawl. Akatoa sweta moja. Halafu akasema, "Punguza hiyo kitu, nitaiva."

Sijawahi sikia maneno tamu namna hiyo.

Kamau akageuka nyuma. "Mum, hiyo ni kazi ya wanaume. Jumamosi tulifungua hii gari tukatoa kitu ilikuwa inazuia."

"Mungu awabariki," mum akasema. "Huyu dada yako angenibeba na baridi."

Wakuu, nilishika steering nikahesabu mpaka kumi. Halafu nikasema, "Mum, ni mimi. Hawa waliharibu. Nilifungua tena jana wakiwa kanisa nikaweka mpya."

Kamau akacheka. Mum pia akacheka. "Wewe nawe. Tangu ukiwa mdogo hutaki ndugu yako asifiwe."

"Mum, naapa."

Akazidi kucheka, halafu kicheko ikageuka kikohozi. Ile kikohozi ya ndani ya kifua nilikuwa nimeiskiza wiki mbili pale wodi. Nikapunguza mwendo, Kamau akampea maji. Ikamchukua muda kutulia.

Sikusema kitu tena mpaka Elburgon. Ningeweza kushinda hiyo kesi, mikono yangu ilikuwa bado inanuka coolant. Lakini sikuwa nimetengeneza gari ndio nishinde kesi.

Tulimfikisha akiwa mkavu na akiwa warm. Tukamwashia moto, tukamwekea uji. Nikiondoka akaagiza gunia ya viazi iwekwe kwa boot. Nikafikiri ni yangu, nikaanza kushukuru.

"Hiyo ni ya wale wanaume wa plot," akasema. "Usiende mikono mitupu kwa watu wamekusaidia."

Kamau ndio aliibeba. Angalau nimeona akifanya kazi.

Nikifika Lanet, Baba Ivy akaniona nikishusha. Akauliza kama hizo viazi ni za kuuza.

"Ni za fundi alitengeneza heater yangu," nikamwambia.

Akaangalia gari, akaniangalia. Nikawasha engine, nikamfungulia mlango akasikia ile hewa. Akaweka mikono nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema ni plugs. Akaenda kwake.

Hiyo gunia ilipita mlango yake ikaingia jikoni kwangu. Tumekula mukimo, tumekula chips, tumekula za kuchemsha na chai. Mama Ivy nilimpelekea zake kwa karai, na alijua ni za nini.

Nilichojifunza ni hii: ukitaka kutengeneza gari yako, inua bonnet wakiwa kanisani. Na kama tayari wamekuja, wacha chai ikae. Watakuita mkali, lakini gari itatoka vile ulitaka.

Mum ako sawa sasa. Amerudi kukamua, tumegombana hadi nimechoka. Jana akanipigia simu kuuliza wale wanaume walisema nini kuhusu viazi. Nikamwambia wamesema ni tamu sana. Akafurahi kabisa, akasema zikiisha nimwambie, atawatumia gunia ingine.

Zimebaki nusu. Wakuu, nishaurini: nimwambie ukweli sasa, ama nikule kwanza?