Yaya wa Msoshalisti Mjerumani

Mimi nina hasira za karibu, na mdomo wangu hauna breki. Kule Suwaidi, Riyadh, tulikuwa wafanyakazi wawili wa nyumba moja, Wakenya wote. Kabla ya kuja Saudia nilikuwa mwalimu wa historia, kwa hiyo tukipiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba nilimsimulia mwenzangu maisha ya yule msoshalisti Mjerumani wa karne ya kumi na tisa: alivyofukuzwa nchi hii na ile, alivyozika watoto kwa umaskini, alivyoshinda maktaba akiandika juu ya jasho la mfanyakazi.

"Na kwake nani alikuwa anafua?" akauliza.

"Yaya. Tena wanasema alimzalisha! Rafiki yake akakubali kubeba lawama ya mimba, mke akatulia, yaya akabaki na kazi yake."

Nilicheka peke yangu. Mwenzangu aliweka pasi chini, akaniambia ana mimba ya baba mwenye nyumba. Ngai! Nilitamani kuumeza ulimi.

Wiki mbili hazikuisha, madam, mke wa baba, akagundua. Alimburuta kwa nywele hadi jikoni, akamtandika kwa mpini wa mopu mpaka ukavunjika, akipiga kelele, "Mimba ya nani?" Nilimrukia nikamng'ata mkono. Akanibamiza kichwa kwenye friji, damu ikaniingia machoni. Mwenzangu alijikunja kulinda tumbo, na madam akawa anamlenga mateke hapo hapo. Baba alisimama mlangoni akitazama.

Nilijua nikimtaja huyo, mtoto hatoki hai. Nikamkumbuka rafiki wa Mjerumani. Nikapayuka, "Ni dereva!"

Madam akaacha. Dereva alikuwa Mtanzania, mzee wa Tanga, aliyetuletea mkate wa moto kila asubuhi na kutuita wanangu. Baba mwenyewe alimtoa chumbani kwake pale getini. Akavua ile kamba nyeusi ya kichwani, akamchapa nayo usoni, kisha ngumi, kisha mateke. Alijua vizuri mimba ni yake, na alipiga kama mwenye uchungu kweli. Shenzi!

Polisi hawakuitwa; baba na madam waliogopa aibu. Mwenzangu alipandishwa ndege ya kurudi Kenya, akajifungua salama. Mimi nilihamishiwa Jeddah, kwa dada yake baba. Dereva alitupwa barabarani bila ikama, kile kibali cha kuishi, meno ya mbele hayapo. Siku ile akitolewa, ameshaambiwa ni mimi niliyemtaja, alipita mbele yangu akaniuliza polepole, "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nikamgeuzia mgongo.