Nilifuta "if" moja kwenye kazi ya mwalimu, program ikaanza kukubali kila kitu

Wakuu wa humu, hamjambo. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sitajipaka rangi. Nikikosea mnirekebishe, shule yangu iliishia form four.

Niko mtaa wa Umoja. Programming nilijifunza kwa simu, baadaye laptop ya mtumba. Mwalimu Halima wa mtaa wa Tena, anayesoma masters ya hesabu, alinipa kazi ya kumwandikia program ya matrix, yaani majedwali ya namba, kwa lugha moja ya computer algebra, ya kufanyia hesabu kwa computer.

Lugha hiyo ina adabu yake. Kila type, yaani aina ya data, hutangaza inachoweza kufanya, na nyingine hutangaza kwa sharti: kama namba za ndani zinagawanyika bila kubakisha, nitakupa inverse, yaani kinyume cha kuzidisha, kama nusu kwa 2. Kama hazigawanyiki, usiniombe.

Kusema haki, sharti hilo mwalimu aliniandikia wazi kwenye karatasi, nami nikaliweka kama if.

Nikajaribu na namba nzima. Ikakataa.

Huku kwetu fundi akisema haiwezekani, mteja anaenda kwa fundi wa pili. Niliogopa ataniona sijui kazi.

Nikafuta ile if. Pale pa kugawanya nikaweka division inayotupa baki. Ikakubali. Nikajaribu na sehemu, kama nusu na robo, majibu sawa kabisa. Nikamtumia.

Siku ya presentation yake, nikinywa chai, nikaipa matrix ya namba moja tu: 2.

Inverse ikaja 0.

Ilitakiwa nusu, wakuu, imetupwa yote, na hakuna error hata moja.

Nikajiambia labda hatatumia namba nzima. Simu nikaishika, nikaiweka chini, kama mara tatu hivi. Alikuwa anaingia kwa supervisors saa nne.

Saa tatu na robo nikampigia, nikasema yote.

Akaniambia: "Kijana, ingekataa ningejua. Hii iliniambia ndiyo, nikaiamini. Mfano wangu wa tatu ni namba nzima."

"Nimerudisha sharti, mwalimu, faili nimekutumia. Lakini mfano huo sasa utakataa."

"Ukatae. Nitawaeleza kwa nini."

Mchana akaniandikia kwamba walimbana kwenye mfano huo huo, akajibu, amepita. Ila kazi yangu ijayo ataikagua mstari kwa mstari. Sina la kulalamika.

Nilichojifunza: program ikikataa, uliza sababu kwanza kabla hujainyamazisha.

Kinachonisumbua ni zile mara tatu nilizoweka simu chini.

Nyinyi mngenipa kazi tena? Semeni ukweli, sitakasirika.