Gunia la Vichwa Kortini Kajiado

Hakimu alisimamisha kesi yangu juu ya harufu. Niseme hiyo kwanza niimalize: harufu ilikuwa yangu. Niliingia korti ya Kajiado na koti ya kuazima na gunia ya vichwa vya mbuzi, karani akafungua madirisha yote akiniangalia kama mimi ndio nimekufa.

Lakini ningefanya nini? Miaka ya tisini ikiisha, Kitengela ilikuwa inauzwa ploti kwa ploti. Mzee akiuza shamba, analeta mbuzi yake kwa bucha yangu, nachinja, nachoma, watu wake wanakula. Malipo yangu ni kichwa, ngozi na miguu, basi. Kila mtu huko anajua. Sasa mtu wa kodi, amepiga tai, akapita Jumapili moja, akaona mbuzi zimening'inia, akaandika zote ni zangu na kila siku nauza hivyo. Jumapili! Jumanne hata nzi walikuwa wanaenda kutafuta kazi kwingine. Nikakataa kulipa. Akafunga mlango na kufuli, na watoto wangu walikuwa wanakula kupitia huo mlango.

Nikampeleka kortini, na ndio nikabeba gunia. Shule niliachia darasa la sita, kueleza mahesabu siwezi, nikaona afadhali hakimu aone mapato yangu na macho yake. Rafiki yangu, mnunuzi wa ngozi, akanisaidia kubeba, halafu akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mtu mwerevu.

Nikaeleza kwamba kwa kila mbuzi mimi nabaki na kichwa na ngozi. Hakimu akasikiza, kitambaa kwa pua, akakubali mbuzi si zangu. Nikaanza kutabasamu. Halafu akauliza hivyo vichwa huwa napeleka wapi.

"Natengeneza supu, mheshimiwa. Hakuna tamu kama hiyo Kitengela yote."

Akaandika. "Basi hayo ni mapato. Utalipia vichwa na ngozi, miaka yote. Kufuli itatoka ukimaliza."

Mpaka leo nikikumbuka nachemka. Kichwa ya mbuzi! Maji nilikuwa nanunua kwa mtu wa punda, mvua ikinyesha barabara yetu inameza gari, na serikali inataka ulimi na masikio.

Nilitoka hapo nikipiga kelele mpaka askari wakageuka. Rafiki yangu akanivuta mkono.

"Nyamaza, jamaa, tusirudishwe. Miguu bado hawajajua."